Pua Haitulii: Kusoma Dalili za Mzio na Kujua Dawa Inakwama Wapi

Ukimsikia mtu akilalamika kwamba aleji yake imekataa dawa, muulize ni dalili gani iliyokataa. Kwa kawaida atakutajia nne kwa mkupuo: chafya, muwasho, makamasi mepesi yanayochuruzika, na pua kuziba. Ukizidi kumdodosa utakuta kidonge anachomeza kimetuliza tatu za mwanzo, na kinachomnyima usingizi ni ile ya nne, ambayo kidonge hicho hakikuwa na ubavu nayo tangu siku ya kwanza.

Sababu iko kwenye namna mzio unavyokwenda. Mwili wa mwenye mzio umetengeneza kingamwili za aina ya IgE dhidi ya kitu ambacho kwa wengine hakina madhara, na kingamwili hizo zimejishika kwenye seli zilizo katika utando laini wa ndani ya pua. Kitu hicho kikiingia, seli humwaga histamini, kemikali inayochokoza pua, ndani ya dakika chache: chafya, muwasho, maji. Kisha, saa 4 hadi 8 baadaye, inafuata awamu ya pili. Seli nyingine za kinga huvutwa mpaka pale, utando unavimba, pua inaziba. Awamu ya kwanza inaendeshwa zaidi na histamini, kwa hiyo dawa za kuzuia histamini zinaiweza. Ya pili ni uvimbe, nao unataka dawa ya uvimbe. Ndiyo maana mtu anaweza kukung'uta godoro asubuhi, akapiga chafya mbili tatu na kusahau, halafu jioni akashangaa pua imeziba bila sababu.

## Kwanza: ni mzio kweli?

Ishara inayosaidia kuliko zote ni muwasho. Pua inawasha, macho yanawasha na kutoa machozi, paa la kinywa linakera mpaka mtu analisugua kwa ulimi: hayo ni mambo ya mzio. Mafua ya virusi huja na koo kuuma, mwili kuchoka, pengine homa, na mengi huisha ndani ya siku 7 hadi 10. Mzio hauleti homa. "Mafua" yanayodumu wiki 6 bila homa hata siku moja, au yanayorudi kila ukiingia nyumba fulani, yatilie shaka.

Kwa mtoto mdogo usingoje akueleze, mtazame. Mtoto mwenye mzio husugua pua kwa kiganja kuelekea juu, tena na tena, mpaka baadhi yao hutokewa na mstari mwembamba unaokatiza juu ya pua, karibu na ncha. Chini ya macho kunakuwa na weusi hata kama amelala vizuri, na usiku hulala kinywa wazi. Akikoroma sana na kukata pumzi usingizini, huenda pia ana nyama zilizovimba nyuma ya pua, na hilo ni la daktari wa masikio, pua na koo.

Iko pia pua inayosumbuka bila mzio wowote. Manukato makali, moshi, hewa ya baridi au chakula chenye pilipili huifanya itoe maji au izibe, lakini haiwashi na macho hayahusiki. Vipimo vya mzio havionyeshi kitu. Mtu wa aina hii hapati nafuu ya maana kwa vidonge vya kuzuia histamini, na atazunguka na dawa miaka kama hakuna aliyemwambia. Ujauzito nao huweza kuziba pua. Mara nyingi hali hiyo huisha ndani ya wiki 2 baada ya kujifungua. Zipo na dawa za shinikizo la damu zinazofanya hivyo. Ukiwa unatumia dawa za kila siku, zitaje kwa daktari, ila usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe.

## Chafya mfululizo, muwasho, makamasi kama maji

Hapa antihistamini, yaani dawa ya kuzuia histamini, ndiyo dawa. Kwa mtu mzima ni setirizini mg 10 au loratadini mg 10 mara moja kwa siku, au feksofenadini mg 120. Hizi ni za kizazi kipya na hazilevyi sana, ingawa setirizini huwapa baadhi ya watu usingizi. Hao waimeze usiku. Klorofeniramini, kidonge cha zamani ambacho wengi ndicho wanachokijua, nayo huzuia histamini, lakini inaingia hadi kwenye ubongo. Inasinziza, inapunguza umakini hata kwa mtu anayejiona yuko macho kabisa, na nguvu yake huisha baada ya saa chache. Dereva, mtu wa mashine na mwanafunzi aliye kwenye mitihani hawana sababu ya kuitumia. Mwenye presha ya jicho au tezi dume iliyokua aiepuke.

Kidonge kikisaidia nusunusu, tazama kwanza saa unayokimeza. Antihistamini hukaa mahali ambapo histamini ingeshika. Histamini ikitangulia, umechelewa. Anayejua kwamba kesho atakwenda kwenye nyumba yenye paka ameze kabla ya kutoka, si baada ya chafya ya kumi. Anayesumbuliwa kila siku ameze kila siku, kwa saa ileile. Jambo jingine ni juisi: feksofenadini ikimezwa kwa juisi ya machungwa, tufaha au balungi hufyonzwa kidogo tu. Tumia maji.

Soma pia maandishi ya dawa za "mafua na kikohozi" kabla ya kuzichanganya na kidonge chako. Nyingi zina antihistamini ya zamani ndani yake, na utajikuta umemeza ya pili bila kujua.

## Pua imeziba, na usiku ndiyo balaa

Kwa pua inayoziba siku nyingi, dawa ya kwanza ni spreyi ya steroidi ya kupuliza puani: flutikasoni, mometasoni, budesonidi, beklometasoni. Kama ningeruhusiwa kumwachia mwenye mzio sugu dawa moja tu, ningemwachia hii, kwa sababu inapunguza uvimbe na wakati huohuo inatuliza chafya na muwasho. Lakini ndiyo dawa inayotumiwa vibaya kuliko zote.

Kosa la kwanza ni papara. Spreyi hii huanza kufanya kazi baada ya saa kadhaa, na nguvu yake kamili huweza kuchukua hadi wiki 2. Anayepuliza siku mbili, akaiona haifai na kuitupa, hajaijaribu. Kosa la pili ni woga. Watu husikia steroidi wakafikiria sura kuvimba na mifupa kuoza. Kinachopulizwa puani ni kidogo, na kwa flutikasoni na mometasoni kinachofika kwenye damu ni kidogo mno. Ninachokiogopa mimi ni sindano ya steroidi ya kukaa mwilini muda mrefu, ile ambayo watu huchomwa ili "kumaliza aleji": hiyo inazunguka mwili mzima, hairudi nyuma ikishaingia, na kwa mzio wa pua haipendekezwi.

Kosa la tatu ni mkono. Penga pua taratibu. Tikisa chupa, na kama ni mpya au imekaa siku nyingi, bonyeza hewani mpaka itoe ukungu mwembamba ulio sawa. Inamisha kichwa mbele kidogo, macho yakitazama vidole vya miguu. Wengi hufanya kinyume, wanakiinua kichwa juu na dawa yote inatelemka kooni. Tumia mkono wa kulia kwa tundu la kushoto, na wa kushoto kwa tundu la kulia. Mikono ikipishana hivyo, mdomo wa chupa unaelekea wenyewe upande wa nje, usawa wa sikio, badala ya kugonga ukuta wa katikati ya pua. Bonyeza huku ukivuta hewa polepole. Usivute kwa nguvu.

Pua yenyewe itakwambia ulipokosea. Ukisikia ladha ya dawa kooni, umevuta kwa nguvu mno na dawa umeimeza. Ukiona damu kwenye makamasi, huenda dawa inapiga ukuta wa katikati: geuza mwelekeo, ipumzishe siku chache, na damu ikiendelea mwone daktari. Dawa ikichuruzika kutoka nje, ulipuliza juu ya makamasi. Siku nyingine safisha kwa maji ya chumvi, subiri kidogo, ndipo upulize.

Wiki 2 hadi 4 zikipita, mkono uko sawa, na bado pua haifunguki, kuongeza kidonge cha antihistamini juu ya spreyi husaidia kidogo kuliko watu wanavyotarajia. Kinachosaidia zaidi ni kuongeza antihistamini ya kupuliza puani, azelastini, ambayo huanza kazi ndani ya takriban dakika 15. Ubaya wake ni uchungu mdomoni.

Kuhusu vidonge vya "kufungua pua": pseudoefedrini hufungua kweli, lakini hupandisha shinikizo la damu, hufanya moyo uende mbio na kufukuza usingizi. Finilefrini ya kumeza, iliyo kwenye dawa nyingi za mafua, ni hadithi nyingine. Mwaka 2023 jopo la washauri wa mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, lilipitia ushahidi na kusema kwamba ikimezwa haifungui pua, na mwaka 2024 mamlaka hiyo ikapendekeza iondolewe. Kwa hiyo kama uliimeza na hukuona kitu, hukuwa na bahati mbaya. Montelukasti, kidonge cha pumu ambacho pia hutolewa kwa mzio, nayo si ya kukimbilia kwa mzio wa pua peke yake: tangu mwaka 2020 FDA inataka iandikwe onyo kali kuhusu mabadiliko ya hisia na tabia, yakiwemo mawazo ya kujidhuru.

## Matone yanafungua pua, kisha inaziba kuliko mwanzo

Mgonjwa wa namna hii unamjua kwa chupa yake. Iko mfukoni, nyingine iko kando ya mto, na akisafiri bila nayo hofu inamshika. Matone au spreyi za oksimetazolini na zailometazolini hubana mishipa ya damu puani, na pua hufunguka ndani ya dakika. Zikitumiwa zaidi ya siku 3 hadi 5, mishipa huanza kutanuka kupita kiasi kila dawa inapoisha nguvu. Mtu anaongeza dozi, pua inaziba zaidi, naye anaamini mzio wake umezidi. Mzio unaweza kuwa ulikwisha zamani. Anachougua sasa ni matone.

Kutoka humo ni kuacha. Anza spreyi ya steroidi na kuyaacha matone. Anayeshindwa kuacha kwa siku moja aanze na tundu moja, lingine liendelee mpaka la kwanza lifunguke. Siku za mwanzo ni ngumu, na huweza kuchukua wiki moja au mbili kabla pua haijatulia. Kulala kichwa kikiwa juu kidogo na kusafisha pua kwa maji ya chumvi hupunguza adha. Mtoto mchanga asitiwe matone haya bila agizo la daktari.

## Upande mmoja tu

Mzio hauchagui tundu. Ni kawaida leo kuziba kulia na baada ya saa chache kushoto, maana hata matundu ya pua isiyo na ugonjwa hupokezana hivyo. Lakini ikiwa upande ni uleule kila siku, acha kufikiria mzio. Kwa mtu mzima huweza kuwa ukuta wa katikati uliopinda, au uvimbe. Damu ya mara kwa mara upande mmoja isingoje. Kwa mtoto, makamasi yenye harufu mbaya kutoka tundu moja ni shanga, mbegu au kipande cha sponji mpaka ithibitike vingine. Ukishuku betri ndogo ya duara, nenda hospitali muda huohuo, kwa sababu huunguza nyama ndani ya saa chache.

Maji maangavu yasiyo na rangi yanayodondoka tundu moja baada ya ajali au pigo la kichwa, hasa ukiinama, huweza kuwa maji yanayouzunguka ubongo. Hiyo ni dharura.

Pande zote mbili zikiziba na harufu ikapotea kabisa, hata ya kitunguu kinachokaangwa, huenda kuna vinyama laini vya polipu vinavyoning'inia ndani. Mwenye polipu na pumu ambaye aspirini humbana kifua asiguse aspirini wala ibuprofeni mpaka azungumze na daktari.

## Makamasi yanateremka kooni, kikohozi hakiishi

Makamasi yakishuka nyuma ya pua, mtu husafisha koo mchana kutwa na kukohoa akilala. Dawa ya kikohozi haitafika kwenye chanzo, tibu pua. Ila kikohozi kikija na mlio wa filimbi kifuani, kubanwa, au kuishiwa pumzi ukikimbia, pima pumu. Pua na mapafu vina utando unaofanana na mara nyingi huugua pamoja, na mwenye pumu asiyetibiwa pua hupata shida kuidhibiti pumu yake.

Rangi ya kijani peke yake haisemi bakteria. Shaka ya maambukizi ya sainasi, yaani mashimo ya hewa yaliyo kandokando ya pua, inaingia dalili zinapopita siku 10 bila nafuu yoyote, au ulipoanza kupona kisha ukarudi chini kwa maumivu ya uso na homa. Antibiotiki haifanyi chochote kwa mzio, na wanaopewa kwa kubahatisha wanalipa kwa tumbo kuharibika na bakteria sugu.

## Kumtafuta mchokozi

Tazama saa na mahali. Dalili kali ukiamka na ukitandika kitanda huelekeza kwenye utitiri wa vumbi, wadudu wasioonekana kwa macho wanaokula magamba ya ngozi yetu na kustawi kwenye unyevu. Dalili za msimu mmoja wa mwaka, nje, siku ya upepo, huelekeza kwenye chavua. Chumba chenye harufu ya unyevunyevu ni ukungu. Jikoni na stoo, kumbuka mende. Ukipona safarini na kuugua ukirudi, mchokozi yuko nyumbani au kazini.

Kukisia tu kunadanganya. John Bostock, daktari Mwingereza, alieleza mwaka 1819 maradhi yake ya pua na macho yaliyomrudia kila kiangazi, akalaumu joto. Charles Blackley ndiye aliyejipaka chavua mwenyewe, na mwaka 1873 akaonyesha kwamba kosa ni la chavua. Wengi hata leo wanalaumu maua ya bustanini, wakati maua ya rangi yanategemea nyuki na chavua yake ni nzito. Inayoruka na kuingia puani zaidi ni ya nyasi na miti inayotegemea upepo.

Kwa utitiri, nguvu zako zipeleke kitandani. Fua shuka na foronya kila wiki kwa maji ya nyuzi 60, funika godoro na mto kwa vifuniko vyenye kitambaa kilichosokotwa kwa kubana sana, ondoa zulia chumbani, na unyevu wa ndani uwe chini ya asilimia 50 ukiweza. Vumbi lifute kwa kitambaa kibichi. Ufagio mkavu hulirusha juu, nawe unalivuta. Mwanasesere asiyeoga maji ya moto mgandishe kisha mfue, maana baridi inaua utitiri lakini kinyesi chake, ambacho ndicho chenye mzio, kinabaki. Jambo moja tu kati ya haya likifanywa peke yake huleta mabadiliko kidogo. Kuhusu paka, kumhamisha hakuleti nafuu ya kesho: protini zake hubaki kwenye makochi na mazulia kwa miezi.

## Maji ya chumvi, na maji gani

Kuosha pua kwa maji ya chumvi kunasaidia karibu kila aina ya pua iliyotajwa hapa, wajawazito wakiwemo. Changanya vijiko 3 vya chai vya chumvi isiyo na madini joto na kijiko 1 cha magadi ya kuokea, hifadhi pakavu, na kila mara tia kijiko 1 cha mchanganyiko huo kwenye ml 240 za maji vuguvugu. Ikichoma, punguza.

Maji ndiyo yenye hatari. Usitumie ya bomba moja kwa moja wala ya kisima, kwa sababu amiba aitwaye Naegleria fowleri akipanda juu puani hufika kwenye ubongo. Ni nadra, lakini karibu wote wanaopatwa hufa. Chemsha maji yatokote dakika 1, au dakika 3 kama unaishi juu ya mita 2,000 hivi, uyaache yapoe, au tumia yaliyokenekwa. Chombo kioshe na kukikausha kila mara.

## Umefanya yote na bado

Hapo ni wakati wa kipimo cha ngozi au cha damu cha IgE. Kwa kipimo cha ngozi, antihistamini husimamishwa siku kadhaa kabla, kwa kawaida 3 hadi 7 kulingana na dawa, la sivyo matokeo yatadanganya. Spreyi ya steroidi ya pua haina shida. Kipimo kikionyesha kitu ambacho dalili zako hazikifuati, zifuate dalili: kuna watu wengi wenye kipimo chanya wasiougua.

Mchokozi akijulikana na dawa zikishindwa, ipo tiba ya kuuzoesha mwili kwa dozi ndogo zinazoongezeka, ambayo daktari Leonard Noon aliijaribu London mwaka 1911 kwa chavua ya nyasi. Siku hizi hutolewa kwa sindano au kidonge cha chini ya ulimi, kwa miaka 3 hadi 5, na faida yake huweza kuendelea baada ya kuacha. Haitolewi kwa mwenye pumu isiyodhibitiwa, na baada ya kila sindano mgonjwa hukaa kliniki dakika 30 akiangaliwa, kwa sababu mwili unaweza kuipinga dozi ghafla. Midomo au ulimi kuvimba, sauti kubadilika, au kizunguzungu cha kuzimia si mambo ya pua tena, iwe ni baada ya sindano au chakula. Hapo mtu anahitaji adrenalini na hospitali, na kidonge cha antihistamini kisimcheleweshe.